Mwenye Jiko Lake: Martha Kanze Jefwa, 1908–1959

Mchungaji, wazee wetu, jirani mliotoka Ukunda na Tiwi, na nyinyi mliotembea kwa miguu tangu alfajiri: tunayemzika leo Jumatatu, tarehe 16 Novemba 1959, ni Martha Kanze binti Jefwa. Habari zake zimeandikwa na Shutu, binti wa kaka yake, na ndiye anayewasomea. Wakubwa wa nyumba walizipitia kabla hazijapigwa chapa, wakakata vipande viwili wakisema si vya kusomwa kaburini. Vipande hivyo vimerudishwa mahali pake. Marehemu alikatwa maneno mara nyingi alipokuwa hai, na leo hakatwi.

Alizaliwa mwaka 1908 karibu na Kinango, mtoto wa kwanza wa mzee Jefwa na mama Mbeyu. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika. Mama yake alisema ilikuwa msimu wa kupalilia, na kwamba mtoto alipotoka hakulia upesi. Aliwatazama wakunga mmoja mmoja kwanza, ndipo akalia. Waliomjua ukubwani hawataona ajabu. Baada yake wakazaliwa wengine, lakini aliyeishi ni mmoja tu, Mwalimu Mwero, mnayemwona ameketi pale mbele na kofia yake magotini.

Mwaka 1916 mzee Jefwa alipata kazi ya reli, akahamia Mazeras na watu wake, na marehemu akaingia shule ya misheni. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 1919. Mwalimu wa dini alikuwa amemchagulia jina la Maria, yule aliyeketi miguuni pa Bwana akisikiliza. Mtoto akakataa, akasema anataka Martha. Mwalimu akamweleza kwamba Martha ndiye aliyekemewa. Akajibu kwamba hilo analijua, lakini Kitabu kinasema Martha alimkaribisha Bwana nyumbani kwake, na hakikusema nyumbani kwa kaka yake, ingawa kaka alikuwapo na jina lake limeandikwa. Akabatizwa Martha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Alisoma mpaka darasa la nne. Mwaka 1923 nafasi ya kuendelea ikawa ya mtoto mmoja tu nyumbani, akapewa Mwero. Marehemu akaenda kufanya kazi kwa muuguzi wa misheni, mama wa Kiingereza asiyejua neno la Kiswahili wala asiyetaka kulijua, na kwa kuwa mmoja wao ilibidi ajifunze, akajifunza Martha. Kiingereza chake hakikuwa cha shule. Kilikuwa cha kuagizwa, cha kukaripiwa na cha kusikiliza nyuma ya mlango, na hicho humwingia mtu vizuri zaidi.

Tarehe 6 Agosti 1927 aliolewa kanisani na Chome, seremala, akaenda kuishi kwa wazazi wa mume. Sasa, kwa wageni mliotoka mbali, jueni kwamba kwetu mke mpya hana jiko. Anapika kwa mama mkwe, kwa chungu cha mama mkwe, na hata chumvi anaomba. Akishatulia, mama mkwe humwonyesha mahali pake uani, akamwekea mafiga yake, mawe matatu ya kutelekea chungu, na tangu siku hiyo huyo ni mtu mwenye nyumba. Anayetaka kula kwake anapiga hodi, hata akiwa mumewe. Wengine hupewa baada ya mavuno mamoja, wengine baada ya mawili. Martha alipika kwa mama mkwe miaka tisa. Mtoto hakujaliwa, na yule mama alikuwa akisema mafiga si ya kupikia mtu mmoja. Mwaka 1936 Chome akaleta mke wa pili, kiapo cha kanisani akakisahau kama mwavuli. Mke wa pili alipewa mafiga kabla hajamaliza mwezi.

Hapa ndipo penye kipande cha kwanza kilichokatwa. Marehemu hakugombana na mtu. Alishuka mtoni mchana kweupe, akachagua mawe matatu, akayasugua, akayatia kikapuni, akajitwika, akapita nayo katikati ya ua watu wote wanamtazama. Mama mkwe akamwuliza, "We Kanze, wapeleka wapi mawe?"

"Natafuta pa kuyaweka," akasema, na hakugeuka.

Alikuja moja kwa moja hapa Kinango, kwa kaka yake, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mwalimu na kujenga nyumba ya bati. Mwero alimpokea vizuri. Alimwambia, "Dada, hapa ni kwenu. Utapika na wifi yako."

"Nimekuja na mafiga yangu, Mwero."

"Naona. Lakini mwanamke aliyerudi kwao haweki mafiga kwenye ua wa kaka yake. Watu watasema nyumba ina wakuu wawili."

Hayo hayakuwa maneno mabaya. Ndivyo ilivyo desturi yetu, na kila mzee aliyepo hapa angesema hivyo hivyo. Marehemu alilala siku mbili, akala alichopikiwa, akamshukuru wifi yake kwa adabu zote. Kisha akajitwika mawe yake tena, akashika njia ya pwani.

Alifika Ukunda mwanzoni mwa mwaka 1937. Mwanaima wa Boga, ambaye yupo hapa leo, alikuwa mjane wa Kidigo mwenye shamba dogo la minazi kando ya barabara. Alimkuta marehemu amekaa juu ya kikapu chake, miguu imevimba kwa mwendo. Wakaamkiana, wakaulizana hali. Mwanaima akamwuliza, "Bibi, umebeba nini humo hata usikiweke chini mbali nawe?"

"Jiko langu."

Mwanaima akafunua, akaona mawe matupu, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Wallahi sijapata kuona mtu anahama na mafiga. Basi pita, shoga, ukayaweke." Akamwonyesha pembe ya shamba lake. Mawe yakatuliwa hapo, juu yake kikajengwa kibanda cha makuti, na wawili hao wakaishi ukuta kwa ukuta miaka ishirini na miwili, Mwislamu na Mkristo, bila kugombana ila juu ya kuku. Ramadhani ikiingia marehemu hakuwasha moto mchana. Hakuambiwa na mtu. Na Krismasi Mwanaima alikuwa akija na kanga mpya, anapiga hodi mlangoni kama mgeni, kwa sababu alijua mwenzake anapenda kusikia hodi.

Kazi yake ilikuwa upishi katika nyumba za Wazungu wa Diani. Tangu mwaka 1948 alimpikia mzee mmoja, Bwana Lanyon, na hapo ndipo habari zake zinapochukua njia ambayo wengi wenu mmeisikia nusu nusu. Afadhali leo muisikie nzima.

Bwana Lanyon alikuwa mbunge huko kwao Uingereza, wa jimbo liitwalo Hexcombe. Marehemu alilitamka Heksikomu mpaka mwisho, na hapa litatamkwa hivyo hivyo. Mzee alilikalia jimbo hilo miaka ishirini, babake alilikalia kabla yake, na mwaka 1945 watu wa Heksikomu wakamwangusha. Akaja Diani na kinyongo chake, akakata shauri kuandika historia ya jimbo tangu siku ya kwanza, wabunge wake wote, mmoja baada ya mmoja. Kila alasiri wakati wa chai alisoma kwa sauti alichoandika. Hakuwa na msikilizaji. Mkewe alikuwa amefariki, na jirani zake wakisikia neno Heksikomu walikumbuka kazi nyumbani kwao. Aliyebaki kusikiliza ni mleta chai.

Naye alisikiliza kwa raha zake. Shutu, aliyekaa kwa shangazi yake tangu Januari 1955 alipopangiwa kufundisha Diani, alisimuliwa Heksikomu kila jioni kama watoto wa wenzake walivyosimuliwa habari za sungura na fisi. Kulikuwa na mbunge aliyewawakilisha watu miaka kumi na sita bila kukanyaga huko hata siku moja. Kulikuwa na ukoo uliokalia kiti baba, mwana na mjukuu, na watu wakinung'unika walichinjiwa ng'ombe, wakala, wakanyamaza. "Kumbe na wao walikuwa hivyo," marehemu alikuwa akisema, akijipigia paja kwa furaha.

Siku moja mzee akafikia sheria ya vyungu. Zamani, akasoma, pale Heksikomu haki ya kumchagua mbunge haikuwa ya matajiri peke yao. Ilikuwa ya kila mtu aliyechemsha chungu chake mwenyewe juu ya jiko lake mwenyewe, asiyekula mezani pa mwingine. Na kwa kuwa maskini wengi walibanana nyumba moja, na majirani huwa na maneno, uchaguzi ukikaribia watu hao walitoa vyungu barabarani, wakawasha moto, wakapika mbele ya wote, ili asije mtu akasema huyu hana jiko.

Marehemu alisimama na buli mkononi mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, "Bwana, hata mwanamke?"

Mzee akafikiri. Alikuwa mtu wa kweli katika mambo ya vitabu. Akasema hajaona sheria ya wakati ule iliyomkataza mwanamke. Ilikuwa desturi tu.

"Desturi nazijua," akasema marehemu, akaenda kupasha chai moto.

Mwaka 1956 ukaja uandikishaji wa kura. Serikali ilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza Waafrika watachagua wenyewe watu wao wa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Jimbo letu lilikuwa Pwani yote, na mjumbe ni mmoja. Na si kila mtu angepiga kura. Kulikuwa na vipimo: masomo, mshahara, mali, utumishi, uzee wenye heshima. Mwenye sifa moja alipewa kura moja, mwenye zaidi akapewa mbili, hata tatu. Marehemu alikwenda kwenye kituo cha Ukunda akapimwa kote, akaonekana pungufu kote. Darasa la nne halikutosha. Mshahara wa mpishi haukutosha. Kibanda chake kilisimama kwenye shamba la mtu mwingine. Karani, kijana mpole aitwaye Abdurahman, alimwambia, "Pole sana, mama. Hakuna kipimo kinachokufaa."

"Kipo," akasema. "Hujakisikia tu."

Jumanne ya tarehe 16 Oktoba alirudi na mafiga yake kichwani. Mwanaima alimfuata na chungu, kuni, nazi na kunde, huku akimwambia, "Mimi mambo ya baraza lao siyataki, shoga, nakubebea chungu tu." Marehemu akatua mawe matatu mbele ya meza ya karani, hatua chache kutoka kwenye foleni ya wanaume waliovaa kanzu na makoti. Akawasha moto. Akateleka.

Abdurahman akainuka. "Shikamoo, mama. Unapika hapa?"

"Marahaba. Sipiki, naandikisha."

"Unaandikisha nini?"

"Jiko. Andika."

Foleni ikavunjika, watu wakaja kutazama. Wapo waliocheka, wapo waliosema mpishi wa Wazungu amepatwa na wazimu. Marehemu aliendelea kukuna nazi. Aliyeitwa ni Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali wa wilaya, kijana wa Kiingereza mwenye miguu mirefu, naye akamwuliza kwa Kiswahili cha ofisini kulikoni. Marehemu akamjibu kwa Kiingereza, kile cha nyuma ya mlango. Akamweleza sheria ya Heksikomu mwanzo mpaka mwisho: chungu chako, jiko lako, mashahidi ni majirani, kura ni yako. Akasema serikali ni moja na Malkia ni mmoja, na yeye ni mtu wa Malkia kwa kuwa kodi anatozwa kwa jina hilo hilo.

Bwana Shauri alicheka mpaka akaomba kiti. Alipopata pumzi akasema, "Mama, sheria hiyo ilifutwa mwaka 1832. Imekufa miaka mia na zaidi."

Na hapa tuseme kweli, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuificha. Hakujua. Mzee Lanyon alikuwa akiandika polepole, na mwezi ule alikuwa bado hajavuka mwaka 1784. Marehemu alikuwa amekuja mbele ya watu wote na sheria iliyokufa zamani, kwa sababu msimuliaji wake hakuwa amefika kwenye msiba. Alikoroga kunde. Kisha akauliza, "Nani aliifuta?"

"Bunge."

"Na wale wenye vyungu? Waliporwa siku hiyo hiyo?"

Bwana Shauri alikuwa amesoma, na hakuweza kujizuia kuonyesha alichosoma. "La," akasema. "Waliokuwa na haki hiyo waliachiwa mpaka walipokufa."

"Vyema," akasema marehemu. "Mimi ningali hai."

Watu wakapiga makofi. Shutu alikuwapo, ametoroka kipindi cha hesabu, na aliona jinsi Bwana Shauri alivyoacha kucheka. Hakumwandikisha. Hakuwa na amri ya kumwandikisha, hata angetaka. Alimwambia aepue apeleke jiko lake nyumbani. Marehemu akasema chungu hakiepuliwi kabla ya kuiva, akaketi. Kilipoiva, akawapakulia waliokuwa kwenye foleni, akampakulia Abdurahman, naye akala akiwa ameinamisha kichwa. Akampelekea Bwana Shauri bakuli ofisini. Kisha akasubiri mawe yapoe, akajitwika, akarudi kwake bila hati yoyote mkononi.

Kesho yake alimkabili Bwana Lanyon kwa chai na maneno. Mzee akaona haya, akasema kufutwa kwa sheria ile kulikuwa kwenye sura ya kumi na moja. Kisha akaharibu mwenyewe. Akasema hapa si Heksikomu, kwamba watu wa hapa wasubiri, mambo ya namna hii huchukua miaka.

"Nilisubiri mafiga miaka tisa," akamwambia. "Kusubiri nakujua kuliko wewe."

Kazi hakuiacha. Ila tangu siku hiyo aliweka chai mezani na kuondoka, na mzee akawa anawasomea viti. Wiki ya pili akamwuliza mbona hakai tena kusikiliza. Marehemu akasema anangoja sura ambayo na yeye yumo. Mzee hakuiandika. Mwaka 1958 alirudi Uingereza kwa ugonjwa wa macho, historia yake ikiwa imekwama njiani. Siku ya kuondoka alimpa marehemu mkono, akamwambia kwamba katika maisha yake yote ya ubunge hakupata kuona mpiga kura kama yeye. Marehemu aliikumbuka heshima hiyo, na aliona pia kwamba imechelewa.

Kipande cha pili kilichokatwa ni hiki. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Machi 1957, Mwalimu Mwero alishuka Ukunda kumwona dada yake. Alikuwa amesikia habari za chungu. Zilikuwa zimefika Kinango kabla ya gari la posta. Aliketi mkekani, akasema kwa upole, "Dada, mimi nimepewa kura tatu. Moja nitakupigia wewe. Niambie unamtaka nani."

Marehemu alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Ya kupewa siitaki, Mwero. Ulinipa jiko la mkeo nikakwambia hivyo hivyo."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitapika."

Na alipika. Siku ya kura alitua mafiga yake kando ya barabara, akawauzia na kuwagawia mahamri na mbaazi watu waliokuja kuchagua, tangu asubuhi mpaka kituo kikafungwa. Kila aliyemwuliza kama amekwisha kupiga kura alimjibu kwamba bado, lakini jiko ni lile pale, lionwe. Wanawake kadhaa wa Ukunda na Tiwi, Wakristo kwa Waislamu, walikuja wakakaa naye. Hakuna aliyewaita, na baadhi yao walikuja na vyungu vyao. Mwalimu Mwero alipiga kura zake zote tatu huku Kinango. Martha Kanze Jefwa hakuwahi kupiga kura maishani mwake. Iandikwe hivyo, na isisomwe kwa haraka.

Alianza kuugua mwishoni mwa mwaka 1958, miguu ikimvimba na pumzi ikimpungua. Alilazwa katika hospitali ya Msambweni mara mbili, Februari na Julai mwaka huu, na tunawashukuru waliomhudumia kwa moyo mwema. Mwezi wa Septemba daktari alisema ni ugonjwa wa moyo na kwamba apelekwe kwa watu wake. Mwalimu Mwero akaazima lori, akaenda kumchukua. Alimkuta ameketi mlangoni kwake, amevaa, mzigo umefungwa, naye hasimami.

"Twende, dada."

"Tangulizeni mafiga."

Mwero akamwambia ni mgonjwa, atapikiwa, hatahitaji kupika. Marehemu akasema hakuuliza habari ya kupika. Aliuliza mawe yatakaa wapi. Kama hayana mahali, basi na yeye anapo mahali, hapo hapo alipokaa, na Mwanaima atamzika kwa Kiislamu kama Mchungaji ataona mbali. Mwanaima akasema, "Nitamzika, inshallah," na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Mwalimu Mwero alisimama pale uani kitambo. Watu wa lori walikuwa wakitazama. Ni mtu wa desturi, mzee wa kanisa, mwenye kura tatu, na umri wake ni miaka arobaini na saba. Akavua koti. Akaingia jikoni kwa dada yake, akayang'oa mawe matatu mwenyewe, yana masizi ya miaka ishirini na miwili, akayapakia kwa mikono yake mpaka shati likaharibika. Hakuruhusu mtu kumsaidia. Walipofika hapa Kinango aliyashusha mwenyewe, akauliza, "Wapi?" Marehemu akanyoosha mkono, pale upande wa mashariki ya nyumba, pasipofichika. Akayatua hapo. Waliokuwa na la kusema wakasema, na yeye aliwasikia, na mafiga yako pale mpaka leo.

Aliishi nasi wiki tisa. Nguvu za kupika alikuwa nazo siku chache tu. Jioni ya siku ya kwanza alichemsha ndizi mbichi, kazi iliyomchosha sana. Mwalimu Mwero akatoka ndani, akavuka ua wake mwenyewe, akasimama kando ya mawe yale. Akasema, "Hodi."

Marehemu hakujibu upesi. Alipuliza moto, akapanga kuni, akafunua chungu akatazama, akafunika. Mwero alisimama. Ndipo akasema, "Karibu, ndugu yangu. Kaa." Wakala wawili, na wote tuliokuwa dirishani tulilia, na hatukuona haya.

Alifariki Jumamosi tarehe 14 Novemba 1959, saa tisa za mchana, akiwa na akili zake timamu. Neno lake la mwisho kwa Shutu lilikuwa kwamba wale wenye kalamu za kuandikisha kura watarudi tena, na wakirudi asiende mikono mitupu.

Ameacha kaka yake, Mwalimu Mwero Jefwa. Wifi yake, Dama. Watoto wa kaka yake watatu, Shutu, Jefwa na Mwinga. Na Mwanaima wa Boga wa Ukunda, ambaye wakubwa walitaka aandikwe kama jirani. Ameandikwa kama dada. Marehemu hakuacha mtoto wa kumzaa, wala shamba, wala hati ya kitu chochote.

Ameacha jiko. Chakula cha msiba cha leo kimepikwa juu ya mafiga yake, kwa amri ya kaka yake, na hakuna moto mwingine uliowashwa katika ua huu tangu asubuhi. Tukishatoka kaburini mtakaribishwa kula, nyote, wenye kura na wasio na kura. Lakini msije mkapita tu kama mnaingia kwa Mwalimu. Simameni kando ya mawe, pigeni hodi, mngoje kidogo. Mwenyewe alipenda mtu angoje.

Na apumzike sasa, kwa amani yake mwenyewe, ambayo hakuiomba kwa mtu.